Macho Kwanza, Ndipo Miguu

Kabla sijasema lolote, nitazameni. Nimesimama. Sijaegemea ukuta, sijashika fimbo, na Baba Zaina aliyeketi pale mbele na kofia yake mpya hanishiki. Miguu ni miwili, yote yangu, na huu wa kulia una kovu refu kuanzia hapa chini ya goti hadi karibu na kifundo. Wanaotaka kuliona waje baadaye. Nitapandisha kitenge kidogo tu, msizoee.

Mmeniomba niseme mbele ya motari wote wa mtaa wetu wa Alunguli, ninyi mnaobeba watu kwa pikipiki, na mbele ya wamama wenzangu wa soko, ili aliyelala leo hospitalini na mguu umening'inizwa asikate tamaa. Nitasema. Mimi si mtu wa kuombwa mara mbili.

Jina langu ni Asha, mama ya Zaina. Kazi yangu ni kuuza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kila asubuhi nilikuwa nikiteremka kwenye kivuko kuwapokea watu wa Lokandu wanaoleta samaki kwa mitumbwi. Nilichagua kambale wanene, nikawapanga kwenye beseni, nikajitwika, nikapanda nao barabara mpaka sokoni. Shingo ilikuwa ngumu, kiuno chepesi, na mdomo ndio huu mnaousikia. Nilikuwa na afya hata ya kugawa.

Na nilikuwa nikitembea katikati ya barabara. Si pembeni, katikati kabisa, kama bibi harusi. Msinicheke, maana hapa nawaona wengi mliokuwa mkitembea nyuma yangu. Vijana wetu hudhani ni kiburi, kwamba wamama wa soko wameinunua barabara. Hawajui mazoea hayo tuliyatoa wapi.

Tuliyatoa kwenye miaka ya vita. Treni haikuja tena. Magari ya wafanyabiashara mengine yalikufa, mengine yalichukuliwa. Majani yakaila barabara kutoka pande zote mbili hadi ikabaki njia moja nyembamba katikati, upana wa mtu na mzigo wake. Chumvi ilifika kwa baiskeli za kusukuma, na Baba Zaina alisukuma yake kwenda Kalima na kurudi mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu. Mji ulikuwa kimya. Mafuta ya gari walikuwa nayo watu wa bunduki peke yao, kwa hiyo mlio wa injini ulikuwa na maana moja tu. Wakikukuta njiani wanachukua ulichobeba, kisha wanakubebesha vyao.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha sheria siku ya kwanza tulipotoka pamoja kutafuta mihogo. Aliniambia, "Asha, ukisikia injini, usiangalie nyuma. Macho yako ikikutana na yao, watakuita, na wakikuita umekwisha. Weye ingia tu mu majani, mbio, mukono wa kushoto." Kushoto, kwa sababu upande huo majani yalikuwa marefu zaidi na nyuma yake kulikuwa na bonde.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kuangalia nyuma. Alidhani ameutambua mlio wa gari la mwenye duka aliyemfahamu. Macho yakakutana. Akaitwa. Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, amekonda, na mpaka leo hasimulii. Tangu siku hiyo shingo yangu ilikufa upande wa nyuma. Nikisikia injini, miguu inakwenda yenyewe kabla akili haijafika.

Vita ikaisha. Shukrani kwa Mungu, pikipiki zikaja, kwanza moja moja, halafu nyingi kama kumbikumbi. Mimi nikaendelea. Injini ikilia, ninaruka kushoto. Injini ikilia, ninaruka kushoto. Wala sikujua kwamba ninaruka. Waliosema mazoea yana taabu walinijua mimi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua zuri, beseni limejaa, na nilikuwa nimeanza kumwimbia moyoni mteja wangu wa kwanza. Nyuma yangu pikipiki inapanda kutoka kivukoni. Mwendeshaji wake ni Saidi, huyu aliyekaa pale mlangoni anayejifanya kuangalia simu. Saidi ni kijana mwenye adabu. Aliona mama mwenye mzigo katikati ya barabara, akapiga honi kunitahadharisha, kisha akaenda kushoto ili anipite mbali. Mimi niliposikia honi nikafanya kama nilivyofunzwa. Sikuangalia nyuma. Nikakimbia kushoto.

Tukakutana hukohuko.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa gotini, nikajiuliza nani anavunja kuni saa hizi. Nikajikuta nimelala, kambale wamenizunguka, mmoja juu ya kifua. Nikataka kuinuka, mguu ukabaki chini. Nilipoangalia nikaona mfupa mweupe umetoka nje ya ngozi chini ya goti, na kiatu kimejaa damu ya moto. Ndipo maumivu yakaja, yote kwa pamoja.

Saidi alikuwa amepiga magoti kando yangu, kiwiko chake kimechunika, machozi yanamtoka. "Mama, nisamehe! Miye nilikuwa nakukwepa, weye ukanifuata!"

Mnajua nilimjibu nini? "Samaki yangu iko wapi? Fukuza ile mbwa!" Naam. Mfupa uko nje, na mimi nalinda kambale.

Motari wenzake walifika. Walichana shati, wakaufunga mguu kwa vipande viwili vya mti, wakanilaza juu ya mlango wa kibanda na kunibeba mabegani mpaka mtoni, maana hospitali iko ng'ambo. Wakanipakia kwenye mtumbwi wa injini. Mwenye mtumbwi alipowasha tu, mimi mwenye mguu uliovunjika nikataka kujitupa majini. Wanaume wanne walinikandamiza. Walidhani maumivu yamenipandisha kichaa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Hospitalini walinisafisha kidonda kwa maji na brashi. Sitawadanganya, nililia mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Mchanga ulikuwa umeingia hadi kwenye nyama. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Aliurudisha mfupa, akaupanga, halafu akaja kukaa kitandani pangu.

"Mama, sitakuficha," akasema. "Mufupa tumeurudisha. Shida njo kidonda, iko na uchafu mingi. Tutangoja siku tatu. Kama nyama inakufa, tutakata hapa." Akagusa juu kidogo ya goti.

"Na kama haifi?"

"Basi utatembea."

Siku tatu, ndugu zangu. Mguu ulivimba ukawa mnene kuliko paja, ngozi ikang'aa kama imepakwa mafuta ya mawese. Homa ikanishika, meno yakagongana. Kidonda kilitoa maji ya njano, na harufu yake niliijua, kwa sababu mimi ni muuza samaki na najua kitu kikianza kuharibika kinanukaje. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko yote. Nilikuwa nikiinusa harufu hiyo na kuwaza: Asha, beseni huwezi kulibeba kwa mguu mmoja. Utauza nini? Utakwenda wapi? Utakaa mlangoni uwasikilize wenzako wakipita.

Baba Zaina ndiye aliyenihudumia. Alinipikia wali ukawa uji, alipika uji ukawa gundi. Aliniwekea chombo cha haja na kukitoa, mwanaume mzima mbele ya wanawake chumba kizima, na hakuona haya. Siku ya pili akaniinamia akasema, "Asha, wakikukata mguu, sasa njo utaanza kunisikia. Hautanikimbia tena." Nikacheka mpaka mguu ukaniuma. Baadaye Saidi aliniambia kwamba baada ya kunichekesha alikwenda nyuma ya jiko la hospitali akalia kama mtoto.

Siku ya tatu daktari akafungua kidonda. Nilifumba macho. Kisha akaniambia, "Mama, fungua macho, angalia mwenyewe."

Nyama ilikuwa nyekundu! Nyekundu kama ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi, na ikitoa damu safi. Daktari akaigusa kwa chuma chake, nikapiga kelele, naye akafurahi. "Lia, Mama, lia! Nyama yenye inauma iko nzima." Basi nikalia kwa raha. Baba Zaina akapiga kigelegele. Mwanaume kupiga kigelegele! Mpaka leo wauguzi wanamtania.

Wiki zikapita. Kidonda kikajaa polepole, kisha wakanifunga plata, ule unga wanaoulowesha ukakauka mgumu. Ndani yake niliwashwa kana kwamba siafu wamehamia humo. Nilijikuna kwa kijiti cha fagio, daktari akanipokonya, nikatafuta kingine. Walipoikata plata, mguu ulitoka mwembamba, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, na goti limekataa kukunja. Nikafundishwa kutembea upya na magongo mawili, hatua tatu, pumzika, hatua nne, pumzika. Jasho lilinitoka kama anayetwanga mpunga.

Ilikuwa kwenye siku hizo za magongo ndipo alipokuja Mademoiselle Furaha. Ni yule pale, mwenye miwani na kalamu sikioni, mwalimu chuoni kwetu hapa Kindu. Alikuwa akifanya utafiti wa barabara za mji: watu wanatembeaje, pikipiki zinapita vipi, ajali zinatokea wapi. Saidi ndiye aliyemleta. Alikuwa na karatasi kubwa yenye picha ya barabara yetu, na misalaba midogo ya wino mwekundu mahali watu walipogongwa. Alinionyesha msalaba mmoja kwa kidole akasema, "Mama, huyu njo weye." Nikaona nimekuwa kitu cha maana.

Alikuwa ameshapima upana wa barabara, ameshaangalia breki na mwendo, ameshakaa kivukoni siku nyingi akihesabu. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua. Motari walimwambia kwamba vijana wakisikia honi hugeuka au husimama, ila wamama wa umri wangu hujitupa mbele ya pikipiki, na karibu wote upande uleule. Wengi wa motari walidhani sisi ni viziwi. Wengine walidhani ni uchawi.

Akaniuliza taratibu, "Mama, juu ya nini haukuangalia nyuma?"

Polisi hakuniuliza kwa nini, wala daktari, wala mume wangu. Wote waliuliza pikipiki ilikuwa mbio kiasi gani. Nikafungua mdomo nimjibu kwa mzaha. Nililia. Kisha nikamweleza yote, ya mama mkwe, ya majani, ya kushoto, ya rafiki yangu aliyeangalia nyuma. Nilipomaliza, kalamu yake ilikuwa chini.

Akasema, "Mama, miye nilitafuta kosa mu barabara, nikatafuta mu breki, nikatafuta mu mwendo. Sikuwaza kuitafuta mu vita."

Wazee husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utoto. Sikujua kwamba ung'ongo wangu una magurudumu mawili na unaendeshwa na Saidi.

Nilifikiri kwamba nikishajua, basi nimepona. Wapi! Mfupa uliunga, woga haukuunga. Niliporudi nyumbani sikutoka. Injini ikipita barabarani, naingia ndani na kufunga mlango. Soko liko palepale, kivuko kiko palepale, na mimi nimekaa uani nasuka ukili nisioujua kuusuka. Nililolihofia siku zile tatu likawa limenikuta na miguu yangu yote miwili.

Asubuhi moja Mademoiselle Furaha akaja. "Mama, tutembee kidogo, hatua kumi tu." Nikashika magongo. Tukafika barabarani, na wakati huohuo injini ikalia nyuma yangu.

Mwili wangu wote uliruka kushoto. Wote, isipokuwa mguu. Goti lilikataa kukunja, gongo likachimba udongo, nikabaki nimesimama palepale kama kigogo. Mguu ulikataa kukimbia! Tangu vita ilipokuja kwetu Maniema, hiyo ilikuwa mara ya kwanza nisikie injini nyuma yangu na nisiingie kwenye majani. Na kwa kuwa sikuweza kufanya lingine lolote, niligeuza shingo nikaangalia.

Nilimwona motari, mtu wa makamo mwenye shati la madoa, na abiria aliyebeba kuku. Macho yetu yakakutana. Nikangoja kuitwa. Yule motari akapunguza mwendo, akainua kidevu, akasema, "Mama, jambo," akapita. Hata kuku aliniangalia.

Basi! Hakuna kilichotokea. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka magongo yakaanguka na Furaha akanikumbatia nisianguke nayo. Miaka yote ile nilikuwa nikiwakimbia watu wanaosalimia.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa tamu. Furaha aliwakusanya motari na wamama. Tulifyeka majani pande zote mbili kutoka kivukoni mpaka sokoni, tukapiga mstari wa chokaa, tukasimamisha vijiti vya mianzi ili mwenye mzigo awe na njia yake. Akatufundisha mama anayetembea atembee upande ambao pikipiki zinamjia usoni, zisimjie kisogoni, aone anayekuja naye aonwe. Na honi, ile honi ya heshima ya Saidi, tukakubaliana isipigwe tena pale kivukoni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitukimbiza. Motari apunguze, angoje macho ya mama. Mama naye angoje macho ya motari.

Motari mmoja alinung'unika. "Siye tutangoja macho ya wamama mpaka saa ngapi?" Baba Zaina akamjibu, "Miye ninayangoja tangu tuoane, na sijakufa." Ubishi ukaisha.

Tulifanya mazoezi kama watoto wa shule. Saidi anapanda na kushuka na pikipiki yake, polepole, sisi na mabeseni matupu kichwani: simama, geuka, angalia, inua kidevu, vuka. Wa kwanza aliruka kushoto. Wa pili aliruka kushoto na beseni likamkimbia. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Halafu, katikati ya kicheko, mmoja akaanza kueleza yeye alijificha wapi miaka ile, na mwingine akaeleza, na mwingine. Kumbe wote tulikuwa na majani yetu. Tulikuwa tumekaa sokoni bega kwa bega na hatujawahi kuambiana.

Gongo la kwanza nililitupa mpunga ulipochanua. La pili nililitupa wakati wa kuvuna. Leo goti linakunja mpaka hapa, oneni, na mvua ikitaka kunyesha linanipa habari kabla ya redio. Beseni limerudi kichwani. Juzi nilikuwa nikitembea na Baba Zaina kwenye barabara ya shambani, ambako bado hatujafyeka, injini ikalia, nikageuka nikaangalia, nikapata macho ya motari, nikavuka. Namtafuta mume wangu simwoni. Yuko kwenye majani! Mimi ndiye niliyekwenda kumtoa, na kofia yake nikaitikisa vumbi ikachanika. Ndiyo sababu leo mnaona ana kofia mpya.

Namshukuru Mungu. Wakristo semeni Amina, Waislamu semeni Alhamdulillahi, tusigombane, mguu ni mmoja. Namshukuru daktari aliyenionyesha nyama yangu nyekundu. Namshukuru mume wangu na uji wake mbaya. Saidi, mwanangu, nilikusamehe siku ileile, ila kambale wangu mmoja aliliwa na mbwa na hilo bado tunalizungumza. Na weye Furaha, aksanti kwa kuuliza.

Mwenzangu uliye kitandani, wakikufikishia maneno haya, usikubali kukaa kimya na maumivu. Lia, mwambie daktari panapouma, kula hata uji ulioungua, sumbua goti mpaka likunje. Na mwili ukishapona, ukakuta moyo umebaki nyuma, tafuta mtu umweleze. Watu husema ajali haina kinga. Yangu ilikuwa nayo, ilikuwa kugeuza shingo. Tulifundishwa kwamba macho yakikutana tumekwisha. Ilikuwa kweli wakati ule, na iliniokoa, siitukani. Wakati ule umepita.

Sasa maneno yatoshe, tutoke wote barabarani. Saidi, toka mlangoni, weka simu mfukoni. Washa pikipiki yako pale juu, uteremke kama kila siku. Nipeni beseni langu. Wengine msiniangalie mimi, mwangalieni yeye.

Njoo, mwanangu. Miye nakuona. Unaniona?

Haya. Ninavuka.